Hati Niliyoiacha kwa Kinyozi

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwangu, mkwe wangu akiondoka na mimi nikimtupia kiatu. Kiatu hakikumpata. Katika hadithi hii yote, hilo ndilo jambo la mwisho jema nililofanya: kumkosa.

Aliyeingia leo nitamvusha kwa pumzi moja. Mimi ni mzee niliyepeleka hati za mahakama kwa miaka thelathini na moja, hadi watu wakasahau jina langu wakabaki wananiita Samansi. Binti yetu wa pekee alifariki akatuachia mtoto wa miaka mitatu, msemaji asiye na breki, tukamwita Chiriku. Baba yake ni fundi wa lifti, kazi ilimpeleka mbali. Miaka minne tukamlea, mimi na mke wangu fundi cherehani. Kisha fundi wa lifti akarudi. Ana nyumba, ana mke mpya, anamtaka mwanawe. Nikamfukuza kwa kiatu. Akaenda mahakamani.

Leo naungama. Mke wangu husoma gazeti hili kwa sauti huku anakanyaga cherehani, kwa hiyo naandika nikijua kila neno litapita mdomoni mwake.

Kwanza nimjibu mwanafunzi mmoja wa sheria aliyeniandikia kupitia kwa mhariri: "Mzee, je, mkweo alikushtaki polisi?"

Hapana, mwanangu. Hii ni kesi ya madai, si ya jinai. Hakuna pingu wala rumande. Kuna anayedai, kuna anayedaiwa, na kuna mtu wa tatu amekaa juu, kazi yake kuwasikiliza wote wawili. Mdai anaandika madai yake. Mahakama inampelekea mdaiwa nakala, pamoja na hati ya wito, ndiyo samansi yenyewe. Kwetu mdaiwa hupewa siku ishirini na moja ajibu kwa maandishi. Akinyamaza, anasikilizwa yule mmoja peke yake, na hukumu inatoka.

Ukilielewa hilo umemaliza nusu ya mwaka wako wa kwanza. Nusu ya pili ni mimi.

Sikusoma chuo. Nilichosoma ni hati nilizobeba, njiani, kwa miguu. Talaka, mirathi, mipaka ya viwanja, watoto wanaogombewa. Nilizisoma zote kabla ya kuzifikisha. Moja tu sikuisoma, nayo ilikuwa na jina langu.

Karani wa masjala, rafiki yangu wa zamani, ndiye aliyenipigia simu.

"Samansi, imetoka."

"Imetoka nini?"

"Samansi ya Samansi." Akacheka hadi akakohoa. "Mdaiwa ni wewe peke yako."

"Nani anaileta?"

"Raba."

Na mimi nikacheka. Raba nilimfundisha kazi mwenyewe. Siku ya kwanza alikuja na viatu vya kisigino, nikamwambia, "Binti, katika kazi hii anayesikika anakuja hampati mtu." Kesho yake akaja na raba nyeupe, na jina likamganda. Ananiita Baba. Nikasema moyoni, kifaranga huyu ndiye atakayenikamata mimi?

Maana nawajua wakimbiaji wa hati wote. Niliwahi kumpelekea mtu aliyejifanya maiti. Amelala sebuleni, pamba puani, ndugu wanalia kwa zamu. Nikaiweka hati kifuani pake nikasema, "Marehemu, tarehe yako ni Jumanne." Marehemu akapiga chafya. Wapo wanaosema chafya nimeongeza. Chafya sikuongeza. Niliongeza pamba.

Basi hila zote nilizozivunja kwa wenzangu nikazifanya mimi. Kufuli kubwa kwa nje, sisi tunaingia kwa dirisha la jikoni. Kofia ya jirani. Mguu wa kuchechemea, kushoto siku moja, kulia siku ya pili. Mke wangu alikuwa kutwa nzima kwenye chumba chake cha ushonaji, chenye mlango wake wa barabarani, hakujua kitu. Na Raba hakumpa yeye hati kwa sababu nilimfundisha hivyo: mpe mwenyewe mkononi, ukimpa mke wake kesho atasema hakupewa.

"Babu," Chiriku akaniuliza siku moja, miguu yake ikining'inia dirishani, begi la shule mgongoni, "mbona tunaingia kwetu kama wezi?"

"Ni mazoezi ya viungo."

"Bibi mbona hafanyi?"

"Bibi ana viungo vizuri."

Akafikiri. "Babu, unamkimbia nani?"

Nikamvuta ndani, nikampa muwa wa kumziba mdomo.

Raba alinipata kwa kinyozi. Nilikuwa nimelazwa kwenye kiti, povu kutoka sikio hadi sikio, wembe uko kooni. Ukimtaka mzee mwenye mbio, huo ndio wakati wake. Nani alimfundisha? Mimi.

"Shikamoo, Baba."

Nikafumba macho. "Siye."

Kinyozi akaguna. "Mzee, usitikisike, koo unalo moja."

"Baba, nimekuletea hati yako."

"Baba yako nani? Mimi ni mteja hapa."

"Umevaa kandambili, ya kushoto iko kulia. Ni wewe. Ukiwa na haraka huwa hivyo."

Nikaingiza mikono yote miwili chini ya shuka la kinyozi. Raba akasimama na karatasi mkononi. Nilimsikia anapumua.

"Basi naiweka miguuni kwako. Ulinifundisha, mtu akikataa kupokea aambiwe ni hati gani, iwekwe mbele yake, iandikwe saa. Hii ni hati ya wito na hati ya madai, shauri la malezi ya mtoto. Siku ishirini na moja. Sasa ni saa tatu na dakika kumi." Karatasi ikagusa sakafu. "Baba, isome. Nakuomba. Usisaini, lakini isome."

Nikafumbua jicho moja, nikamkonyeza. "Raba, mwanangu. Leo hukuniona. Umekuta nimesafiri. Tumeelewana?"

Viatu vyake havisikiki vikija, wala havisikiki vikiondoka. Nilijua hayupo pale kinyozi aliporudi kidevuni.

Nilipoinuka, kinyozi akaniambia, "Mzee, karatasi yako."

"Si yangu. Tupa."

"Ina mhuri, mzee."

"Tupa na mhuri wake."

Naomba mnielewe vizuri hapa. Sheria niliijua. Nilijua kabisa kwamba hati iliyowekwa miguuni imefika sawasawa na iliyotiwa mkononi. Lakini mpeleka hati akishamaliza huenda kuapa kwa maandishi: nilimpata fulani, mahali fulani, saa fulani. Bila kiapo hicho kesi hailali wala haiamki. Nami nilijiaminisha kwamba binti niliyemfundisha kazi hataweza kuapa dhidi yangu. Ataona haya. Ataandika "hakupatikana".

Nilimfundisha asiandike uongo hata wa nukta. Kisha nikakaa nikimtegemea aandike uongo.

Siku ya ishirini na mbili nilimbeba Chiriku mgongoni hadi shuleni, nikiimba njia nzima.

"Babu, leo sikukuu?"

"Ya watu wawili tu."

"Mimi na wewe?"

"Mimi na wewe."

"Na Bibi?"

"Basi watatu."

Akaniziba macho kwa viganja vyake, nikajifanya nagonga miti. Mwalimu wake akatuona akacheka. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika barabara ile, na nilikuwa nimeshashindwa. Kiapo kilikuwa kwenye jalada. Raba alikuwa ameandika.

Wakaja Jumamosi asubuhi. Mkwe wangu, shati limepigwa pasi, na mama mmoja wa ustawi wa jamii mwenye faili. Mke wangu alikuwa amemsimamisha Chiriku juu ya stuli, anampima sare mpya, pini zimejaa mdomoni.

Mama wa ustawi akasoma amri. Polepole, kwa adabu. Baba wa mtoto amepewa malezi. Mtoto akabidhiwe leo.

Mke wangu akatoa pini moja moja mdomoni, akazichoma kifuani mwa gauni lake.

"Kesi gani?"

Watu wote wakanitazama.

"Hata mimi nashangaa," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Niko naye kwenye ndoa miaka arobaini, na nilisema hivyo bila kumeza mate.

Mkwe akaniangalia, kisha akamgeukia yeye. "Mama, nilisubiri majibu yenu. Kila Jumatatu nilipita masjala kuuliza. Nikasema labda wiki hii. Nilidhani mmeniona si mtu wa kujibiwa."

"Sisi hatukuletewa kitu, mwanangu!" mke wangu akasema. "Hatukuletewa! Mwambie, Babu Chiriku!"

"Hatukuletewa," nikasema.

Chiriku, juu ya stuli, pindo la sare halijashonwa, alikuwa anatazama mdomo wa kila mmoja. Akauliza, "Nabeba nini?"

Akashuka, akajipangia mwenyewe. Viatu vya shule. Daftari la picha. Kamba yake ya kuruka aliitoa kwenye begi, akaining'iniza kwenye kitasa cha mlango wa chumba chetu.

"Hii naiacha," akamwambia bibi yake. "Mtu akiacha kitu lazima arudi kukichukua, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Babu, na wewe usiiruke. Utaikata."

Akaenda. Gari lilipokata kona niliona kiganja chake dirishani, kinapunga au kinafuta kioo, sikujua.

Mke wangu ni mtu wa kulia kidogo na kufanya mengi. Jumatatu alikuwa amenikokota hadi ofisi ya msaada wa kisheria, mbele ya wakili kijana mwenye tai iliyofungwa na mtu mwingine.

"Hukumu ya upande mmoja inaweza kutenguliwa," wakili akasema. "Unaomba mahakama iiondoe, kesi isikilizwe upya, pande zote zikiwepo. Lakini lazima utoe sababu nzuri ya kutofika. Sasa Mzee, ulipata hati au hukupata?"

"Hakupata!" mke wangu akajibu.

"Aseme mwenyewe, Mama."

"Sikupata," nikasema.

Akaandika. "Vizuri. Kama hukupata, hilo peke yake linatosha. Ila kuna tatizo." Akafungua karatasi. "Mpeleka hati ameapa kwamba alikupata kwa kinyozi, saa tatu na dakika kumi, umepakwa povu."

"Nani huyo?" mke wangu akauliza.

Wakili akamtajia. Mke wangu akashika ukingo wa meza.

"Raba? Raba huyu? Suruali yake ya kwanza ya kazi niliishona mimi! Amekula kwangu, amelala kwangu akiwa na homa. Leo anaapa uongo aniondolee mtoto?"

"Kama ameapa uongo," wakili akasema, "ataitwa. Ikithibitika, kazi hana. Na yeye atashtakiwa, hiyo sasa ndiyo jinai."

"Aitwe," mke wangu akasema. "Aitwe leo."

Mimi nilikuwa natazama tai.

"Na kama," nikauliza, "nasema tu kama, mtu alipata, ila hakwenda?"

Wakili akaweka kalamu chini. "Hapo ni kuomba huruma. Mahakama haipendi mtu aliyeidharau. Lakini katika kesi ya mtoto hakimu hatazami nani mjanja wala nani ana haki ya kukasirika. Anatazama ustawi wa mtoto kwanza. Anaweza kukusikiliza kwa ajili ya mtoto. Anaweza pia kukufukuza. Kwa nini unauliza?"

"Nafundisha wanafunzi," nikasema.

Mke wangu akanipiga begani. "Utani hauishi kwako!" Akamgeukia wakili. "Andika, baba, andika. Na mimi naapa. Nyumba yetu haikuletewa kitu."

Akaapa siku hiyohiyo. Aliinua mkono akiwa na macho makavu, kwa moyo mweupe kabisa, akaapa juu ya neno langu.

Tulipotoka nje akasema, "Kwa kinyozi, eti. Basi kinyozi ndiye shahidi wetu. Nitamwuliza."

"Usijisumbue. Nitakwenda mimi."

Nikaenda mbio, miguu yote miwili mizima.

"Ulimwona Raba siku ile?" nikamwuliza kinyozi.

Akakung'uta shuka. Mashuka yake yote hushonwa na mke wangu. "Mzee, unataka nimwone au nisimwone?"

"Usimwone."

"Basi nilikuwa naangalia kidevu."

Siku tatu kabla ya kusikilizwa nilipita masjala. Rafiki yangu karani alikuwa amekunja uso.

"Samansi, madai yale uliyasoma?"

"Nitayasomaje na sikuletewa?"

"Usinifanye mtoto." Akalisukuma jalada juu ya kaunta. "Ukurasa wa mwisho. Nakwenda kunywa maji. Maji yangu huchukua dakika tano."

Nikavaa miwani. Mnajua hati ya madai inavyokwenda: mdai ni nani, mdaiwa ni nani, yaliyotokea, na mwisho kabisa anachoomba. Kipengele cha kwanza, malezi ya mtoto. Kipengele cha pili nilikisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikakisoma tena.

"Au, endapo mdaiwa na mkewe wataridhia, mtoto aendelee kuishi kwao siku zote za shule kama alivyozoea, na aje kwa mdai wakati wa likizo. Mdai anatambua kwamba wao ndio waliomlea, na hana nia ya kuwatenganisha naye."

Endapo wataridhia.

Ndiyo maana alipita masjala kila Jumatatu. Ndiyo maana Raba alisema isome. Alikuwa ameisoma njiani, kama nilivyomfundisha. Ningenyoosha mkono tu kutoka chini ya lile shuka, ningesaini pale penye povu, na leo Chiriku angekuwa juu ya stuli yake anapigwa pindo. Nilikuwa nimekimbia kile nilichokitaka. Nilikikimbia kwa ustadi, miguu ya kuchechemea na kofia ya jirani.

Karani aliporudi alinikuta nimelalia jalada.

"Inuka, Samansi. Unalowesha kumbukumbu za mahakama."

Raba alikuwa kwenye ngazi za nje, anafunga kamba za viatu. Nilikaa ngazi moja chini yake.

"Nimeisoma," nikamwambia.

Hakuinua uso. "Nimepata wito, Baba. Baada ya siku tatu nitasimama kusema kiapo changu ni cha kweli."

"Najua."

"Mama amepita sokoni mbele yangu. Nimemwamkia. Hakuitika." Akavuta kamba, akaifungua, akaifunga upya. "Ukisema sikukuletea, Chiriku anarudi?"

"Wakili anasema inawezekana."

"Na mimi?"

Nikatazama raba zake.

"Niliandika saa tatu na dakika kumi," akasema. "Nilikaa nje ya kinyozi nikalia hadi saa nne. Hiyo sikuiandika, maana ulisema tusiandike yasiyohusika." Akasimama. "Sitakupinga, Baba. Nitasema nilichoandika, basi. Ukisema mimi ni mwongo, sitakujibu. Chagua mwenyewe."

Asubuhi ya kusikilizwa, mke wangu aliniwekea uji mezani akakaa mbele yangu. Huwa hakai. Huwa anakunywa akiwa amesimama, jicho kwenye cherehani.

"Babu Chiriku."

"Naam."

"Kuna jambo ungependa kuniambia kabla hatujaondoka?"

Ule ndio ulikuwa mlango. Ulikuwa wazi kabisa, na uji unatoa moshi.

"Ndiyo," nikasema. "Umesahau sukari."

Akanitazama kwa muda. Akainuka, akaleta sukari, akaniwekea vijiko viwili, akakoroga mwenyewe kama anavyomkorogea Chiriku. Akachukua mkoba wake. Njia nzima hakusema neno, nami nikadhani ni hofu ya mahakama.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Upande wa kulia alikaa mkwe wangu, na Chiriku, nywele zimesukwa mtindo nisioujua. Aliponiona akainua mkono, baba yake akamnong'oneza, akaushusha nusu.

Raba alitoa ushahidi wake kwa dakika nne. Mahali, siku, saa, povu. Wakili wetu akamwuliza, "Una hakika hukukosea mtu?" Akasema, "Kandambili ya kushoto ilikuwa mguu wa kulia." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akarudi kukaa, raba zake nyeupe zimebanwa pamoja.

"Mleta maombi asimame."

Nikapanda kizimbani. Nimewaona wengi sana pale. Sikuwahi kujua kwamba ubao wa mbele umelika, pale watu wanapoweka vidole. Nikaapa.

"Mzee," hakimu akasema, "wewe umefanya kazi katika jengo hili miaka mingi, sihitaji kukufundisha kiapo ni nini. Unamfahamu huyu binti?"

"Namfahamu, Mheshimiwa. Nilimfundisha kazi."

"Alikuwa mfanyakazi mwongo?"

"Hapana, Mheshimiwa."

Wakili akageuka kunitazama haraka. Hakimu akaandika, akainua kalamu.

"Basi nikuulize mara moja tu. Siku hiyo, saa tatu na dakika kumi, uliletewa hati au hukuletewa?"

Nikamtafuta mke wangu. Mtu akiwa kizimbani hutafuta uso wa kwao. Alikuwa amekaa mstari wa pili, mkoba magotini. Akaufungua. Nikadhani anatoa leso.

Akatoa karatasi. Akaikunjua polepole, kwa vidole viwili, kama anavyokunjua kitambaa cha mteja asichotaka kukichafua. Mhuri niliuona kutoka nilipo. Na kwenye pembe, doa jeupe, gumu, la povu lililokauka.

Kinyozi hakuitupa. Na mke wangu, niliyemwambia asijisumbue, alikuwa amemwendea kinyozi bila mimi kujua.

Alikuwa nayo asubuhi ile wakati anakoroga uji.

Hakuinuka. Hakumpa wakili. Hakumwonyesha hakimu. Aliilaza magotini, ukurasa wa mwisho juu, akapitisha kiganja chake kuinyoosha, mara ya kwanza, mara ya pili. Kiapo chake mwenyewe kilikuwa kwenye jalada, kinasema nyumba yetu haikuletewa kitu. Nilikuwa nimemtia humo kwa mkono wangu.

Kisha akainua macho, akanitazama. Nimeishi na macho yale miaka arobaini, nikayasoma kila siku. Siku ile yalinishinda. Sikujua yananiambia sema kweli, au yananiambia mrudishe mtoto, au yananiaga.

Nikasikia cheni ya begi la Chiriku, anaifungua na kuifunga.

"Mzee," hakimu akasema, "mahakama inasubiri."

Mke wangu akaikunja ile karatasi, mara mbili, akaifumbata ngumini.

Nikafungua mdomo.